Kuchaguliwa kwa Ajili ya Hali Yake: Kuelewa Uhalifu wa Chuki dhidi ya Watu Wenye Ulemavu

Maneno "uhalifu wa chuki" yameingia katika Kiswahili si zamani, nayo yameingia kwa njia ya mahakama na magazeti, si kwa njia ya mimbari. Pengine ndiyo sababu yanatupotosha. Msikiaji anaposikia neno "chuki" huwaza mara moja juu ya moyo uliowaka: ugomvi wa mpaka wa shamba, kisasi, wivu, hasira ya miaka mingi iliyongoja siku yake. Lakini tukiwauliza majirani wa mtoto mwenye ualbino aliyeuawa katika Kanda ya Ziwa ni nani aliyemchukia mtoto yule, watatujibu kwa unyofu kabisa kwamba hakuna. Hakugombana na mtu. Waliovunja mlango usiku huenda hawakujua hata jina lake.

Jibu hilo la majirani ni la kweli, na bado tendo lile ni uhalifu wa chuki. Katika makala hii twataka kueleza jinsi mambo hayo mawili yanavyoweza kuwa kweli kwa pamoja, maana mchungaji anayetafuta hasira atapita karibu na uhalifu wa namna hii mara nyingi asiutambue, hata ukiwa umetendeka ndani ya usharika wake.

Sheria zinauliza nini

Nchi zilizotunga sheria juu ya jambo hili hazikubaliani jinsi ya kulieleza, na tofauti yao inatufundisha kitu. Huko Marekani sheria ya mwaka 1990 iliagiza serikali ikusanye hesabu za uhalifu wa chuki. Ulemavu haukutajwa humo hadi mwaka 1994 sheria iliporekebishwa. Mwaka 2009 ikatungwa sheria nyingine iliyoufanya uhalifu wa kumdhuru mtu kwa sababu ya ulemavu wake kuwa kosa mbele ya mahakama za serikali kuu. Swali la sheria hiyo ni hili: je, aliyedhurika alichaguliwa kwa sababu ya hali yake? Huko Uingereza sheria ya makosa ya jinai ya mwaka 2003, iliyoanza kutumika katika kifungu hiki mwaka 2005, ilimwagiza hakimu aongeze uzito wa adhabu iwapo mkosaji alionyesha uadui kwa ajili ya ulemavu wa mtu, au kama uadui huo ndio uliomsukuma. Swali la pili linaelekea moyoni. Swali la kwanza linaelekea kwenye uchaguzi.

Si tofauti ndogo. Mtu aliyemnyang'anya kipofu fedha zake sokoni aweza kusema mahakamani, "Mimi sikumchukia. Nilimwona hawezi kunikimbiza." Kwa swali la uadui, mtu huyo aweza kuponyoka. Kwa swali la uchaguzi hawezi, kwa kuwa amekiri mwenyewe kwamba alipita watu kumi wenye macho mpaka akamfikia huyu. Sisi twaona kwamba swali la uchaguzi lafaa zaidi, wala si kwa sababu za kisheria tu. Moyo wa mwanadamu ni Mungu aujuaye. Lakini nani alichaguliwa, na kwa nini yeye, jambo hilo laweza kuulizwa na kujibiwa na watu.

Tanzania haina kosa linaloitwa kwa jina hili katika Kanuni ya Adhabu. Mauaji ni mauaji, nayo adhabu yake yajulikana. Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inakataza ubaguzi na unyanyasaji, na mwaka uliotangulia nchi yetu ilikuwa imeridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu. Basi mwanafunzi aweza kuuliza: kama mwuaji tayari anastahili adhabu kubwa kuliko zote, jina jipya la kosa litaongeza nini? Tunajibu kwamba uhalifu huu haumpigi mtu mmoja. Mtoto mmoja anapouawa Bukombe, mama aliye Ukerewe humwondoa wake shuleni. Kijana aliye Sengerema huacha kutoka nyumbani jua likizama. Mwalimu aliye Kibondo huomba uhamisho. Hawa hawakuguswa na mtu, lakini wote wamepokea ujumbe, kwa kuwa aliyeuawa aliuawa kwa kitu ambacho na wao wanacho na hawawezi kukivua. Wizi wa ng'ombe hauna ujumbe wa namna hiyo.

Kanda ya Ziwa

Ualbino hutokana na urithi. Mtoto huzaliwa nao pale baba na mama wote wawili wanapokuwa wamebeba chembe ya urithi yenye hali hiyo, hata kama wao wenyewe na wazazi wao ni weusi. Mwili wake hautengenezi rangi ya kutosha katika ngozi, nywele na macho, kwa hiyo jua humchoma na macho yake huona kwa shida. Hayo yatosha kuwa ulemavu, na jua peke yake lina hatari kubwa, kwa sababu saratani ya ngozi huwapata wengi wakiwa bado vijana. Tunayataja haya kwa kuwa wachungaji bado hukutana na waume waliowafukuza wake zao kwa tuhuma ya uzinzi baada ya kuzaliwa mtoto wa namna hii. Mume huyo yapasa aambiwe wazi kwamba mtoto asingalizaliwa hivi kama yeye, baba yake, asingalibeba sehemu yake.

Sensa ya mwaka 2012, iliyokuwa ya kwanza kuwahesabu, iliwakuta watu wenye ualbino zaidi ya 16,000 katika nchi yetu. Kuanzia miaka ya 2006 na 2007 habari za mauaji yao zilianza kusikika kwa wingi kutoka Mwanza, Shinyanga, Kagera, Tabora na sehemu ambazo leo ni mikoa ya Geita na Simiyu. Mwaka 2008 yakavuka mpaka hadi Ruyigi katika Burundi, na viungo vilisemekana kuja kuuzwa upande huu. Umoja wa Mataifa umetaja zaidi ya watu 70 waliouawa Tanzania tangu mwaka 2000, mbali na waliokatwa mkono au mguu wakabaki hai, na mbali na makaburi yaliyofukuliwa.

Serikali haikunyamaza. Mwaka 2008 Rais Jakaya Kikwete alimteua Bibi Al-Shaymaa Kwegyir kuwa Mbunge, na mwaka 2010 wananchi wa Lindi Mjini wakamchagua kwa kura Bwana Salum Khalfani Bar'wani, mtu mwenye ualbino. Januari 2009 Waziri Mkuu Mizengo Pinda alifuta leseni za waganga wa jadi, na Machi mwaka huohuo wananchi waliitwa kupiga kura ya siri kuwataja washukiwa. Septemba 2009 Mahakama Kuu iliyoketi Kahama iliwahukumu watu watatu kufa kwa mauaji ya mvulana mmoja. Waganga na wapiga ramli walipigwa marufuku tena mwaka 2015. Hata hivyo, Februari 2025 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyo hapa Arusha, ilitoa hukumu kwamba nchi ilikuwa imeshindwa kuwalinda watu hawa kama ilivyoipasa.

Sasa tutazame ni nini hasa kilichokuwa kikitendeka. Zipo imani za zamani juu ya watu hawa, kwamba ni mkosi, au ni mizimu, au kwamba hawafi bali hutoweka. Imani hizo ni mbaya, lakini kwa kawaida zilimfanya mtu akwepwe, si kwamba awindwe. Biashara ya viungo ni jambo jingine. Ilishamiri wakati machimbo ya dhahabu yalipowavuta maelfu ya vijana, na wavuvi wa Ziwa Viktoria nao wakishindania samaki wanaopungua. Mchimbaji aliyechimba miezi sita bila kupata kitu, akiona mwenzake wa shimo la pili ametajirika kwa siku moja, hutafuta sababu; na mganga alikuwa tayari kumpa. Ndipo likazuka neno ambalo kila mtu mwenye ualbino katika miji yetu amelisikia likiitwa nyuma yake: "dili". Hakuitwa tena zeruzeru, jina la dharau. Aliitwa kwa jina la biashara.

Yatupasa kulitafakari neno hilo, kwa kuwa ndani yake mna fumbo lote. Mnunuzi wa kiungo hamdharau mwenye kiungo kama kitu kisicho na thamani; kinyume chake, anakitoza mwili wake thamani kubwa, kubwa kuliko nyumba na ng'ombe. Kila sehemu ya mwili imekuwa na bei, ila yule mwenye mwili hana. Hiyo ndiyo chuki tunayoizungumzia. Haina joto. Wala haihitaji kumjua mtu, na kwa kweli hufanya kazi vizuri zaidi isipomjua.

Lakini mara nyingi inamjua. Hili ni jambo chungu, na wachungaji wa Kanda ya Ziwa wanalifahamu kuliko sisi. Mvamizi wa usiku aliyetoka mbali hakujua nyumba ipi ina mtoto, wala kwamba baba amesafiri, wala mbwa amefungwa wapi. Mtu alimwambia. Katika kesi kadhaa waliokamatwa walikuwa wajomba, baba wa kambo, hata wazazi. Mei 2024 mtoto wa miaka miwili na nusu aliporwa mikononi mwa mama yake wilayani Muleba, na mwili wake ukapatikana Juni ukiwa umekatwa viungo. Miongoni mwa watu tisa walioshtakiwa mwezi huohuo walikuwamo mzazi wa mtoto na mtumishi mmoja wa kanisa. Mashtaka si hukumu, nasi hatumhukumu mtu. Ila tangu siku ile hakuna mwalimu wa theolojia awezaye kuwaambia wanafunzi wake kwamba jambo hili ni la wapagani na waganga wao.

Amri moja ya Walawi

Wengi wanapohubiri juu ya ulemavu huanzia Yohana 9, pale wanafunzi wanapouliza ni nani aliyetenda dhambi na Bwana Yesu akawakatalia swali lao. Ni mahali pema pa kuanzia. Lakini kwa somo letu twapenda kuelekeza macho kwenye Walawi 19:14, amri fupi ambayo haipati mahubiri mengi. Amri hiyo yakataza kumlaani kiziwi na kumwekea kipofu kikwazo, kisha yaongeza kwamba mtu amche Mungu.

Tuitazame kwa makini. Kumlaani mtu yeyote ni vibaya. Kwa nini basi atajwe kiziwi? Kwa sababu kiziwi hasikii, hawezi kujibu wala kwenda kushtaki. Na kikwazo njiani kingeweza kumwangusha yeyote, lakini kiliwekwa kwa ajili ya asiyekiona. Katika matendo yote mawili, ulemavu ndio chombo cha kazi. Mtenda dhambi ameutazama mwili wa mwenzake, akaona mahali ulipopungukiwa, na papo hapo akapaona kuwa nafasi yake. Andiko halisemi kwamba alikuwa na hasira. Pengine alikuwa anacheka. Yule awekaye gogo mbele ya kipofu kwa kawaida ana wenzake wanaotazama. Na kwa kuwa kiziwi hakusikia na kipofu hakuona, hakuna shahidi. Ndiyo maana, twadhani, amri hii inaishia kwa kumtaja Mungu: shahidi mwingine hayupo.

Hata leo ushahidi ndipo mahali kesi nyingi zinapofia. Binti kiziwi amebakwa. Hakuna kituoni anayejua lugha ya alama, na mkalimani pekee ni shangazi ambaye ni dada wa mshukiwa. Kijana mwenye ulemavu wa akili ameibiwa. Akiulizwa tarehe, hutaja tarehe tatu. Baadaye wazee huketi, mbuzi hutolewa, shauri likasemwa limekwisha nyumbani. Yatubidi kukubali kwamba mzee wa kanisa mara nyingi yumo katika kikao hicho, naye aamini kabisa kwamba ameleta amani.

Tuseme neno moja juu ya lugha yetu pia, ingawa wanaisimu watatuonya tusilitie chumvi. Kiswahili kiliwaweka kipofu, kiziwi, kiwete na kilema katika ngeli moja na kiti na kisu. Biblia zetu zimerithi maneno hayo. Watu wengi huyatamka bila ubaya wowote, na hatudhani kwamba kubadili herufi ya mwanzo kutaokoa mtu. Lakini mhubiri anayesimama kusoma juu ya viwete na vilema mbele ya mshirika aliyekuja kwa magongo akumbuke kwamba anasikika.

Urithi wetu wa Kilutheri

Ingekuwa rahisi kuishia hapo, na kuuhesabu uovu huu kuwa wa waganga na wachimba dhahabu. Historia yetu wenyewe haituruhusu. Katika Mazungumzo ya Mezani ya mwaka 1540 imeandikwa kwamba Martin Luther alisimulia habari za mtoto wa miaka 12 aliyemwona Dessau, ambaye hakufanya lolote ila kula na kulia, na kwamba alishauri atupwe mtoni, akimdhania kuwa pande la nyama lisilo na roho, lililowekwa na shetani mahali pa mtoto halisi. Wakuu wa nchi hawakumfuata. Wataalamu hujadiliana juu ya usahihi wa maandishi hayo ya mezani, lakini hatuoni sababu ya kuwaficha wanafunzi. Luther hakumchukia mtoto yule. Alikuwa na maelezo tu, nayo yalitosha kumtoa katika hesabu ya watu.

Karne nne baadaye maelezo mengine yalichukua nafasi ya shetani. Ujerumani ya Hitler, kwa kibali alichokitia sahihi na kukiandikia tarehe ya 1 Septemba 1939, iliwaua zaidi ya watu 70,000 wenye ulemavu na magonjwa ya akili katika nyumba sita hadi Agosti 1941, na mauaji yakaendelea kwa siri baadaye kwa dawa na njaa. Hakukuwa na mapanga wala kelele. Fomu ilitumwa hospitalini ikauliza ugonjwa ni upi, na mgonjwa aweza kufanya kazi gani. Madaktari ambao hawakumwona mgonjwa waliandika alama kwa kalamu. Basi likaja, na baadaye jamaa wakapokea barua yenye sababu ya kifo iliyotungwa. Jambo lote liliitwa kifo cha huruma. Nyumba ya kwanza kati ya hizo sita, Grafeneck, ilikuwa makao ya kanisa ya kuwatunza walemavu mpaka serikali ilipoinyang'anya Oktoba 1939.

Hapa historia hiyo yatugusa kwa karibu. Misheni ya Bethel, iliyoleta Injili Usambara mwaka 1891 na Bukoba mwaka 1910, ilichukua jina la mji ule wa diakonia uliojengwa na Friedrich von Bodelschwingh kwa ajili ya wenye kifafa. Lutindi, katika milima ya Usambara, makao yaliyoanzishwa kwa watoto waliookolewa utumwani yaligeuka mwanzoni mwa karne ya 20 kuwa mahali pa kuwatunza wagonjwa wa akili, kwa roho ileile ya Bethel. Mwaka 1940 mwana wa Bodelschwingh, aliyekuwa na jina la baba yake, alikataa kuzijaza fomu zile. Mwenzake, Mchungaji Paul Gerhard Braune, aliandika waraka Julai mwaka huo kueleza kwa ushahidi kinachotendeka. Mwezi uliofuata alikamatwa. Askofu Theophil Wurm wa Württemberg alimwandikia Waziri wa Mambo ya Ndani. Mwaka uliofuata Askofu Mkatoliki von Galen wa Münster alisema hadharani mimbarini, na baada ya mahubiri yale Hitler akasimamisha mabasi.

Tunajivunia majina hayo. Lakini tusiyataje bila kutaja kwamba mwaka 1931, kabla Hitler hajatawala, viongozi wa diakonia waliokutana Treysa walikuwa wamekwisha kukubali kwamba baadhi ya watu waweza kufungwa uzazi, na sheria ya mwaka 1933 ilipowalazimisha, upasuaji huo ulifanyika hata Bethel. Walikataa kifo, walikuwa wamekwisha kukubali kwamba ni halali kuwapanga watu kwa faida yao. Atakayeandika historia ya theolojia ya ulemavu katika Afrika ya Mashariki itambidi aisome sura hiyo yote.

Mambo madogo

Msomaji asidhani kwamba uhalifu huu ni mauaji tu. Mara nyingi sana ni mambo madogo yanayorudiwa. Mwaka 2007, katika jimbo la Leicestershire huko Uingereza, mama mmoja aliyechoshwa na vijana wa mtaani alijiua pamoja na binti yake mwenye ulemavu. Kwa miaka mingi vijana wale walitupa mawe na mayai dirishani na kuwadhihaki watoto wake. Uchunguzi wa mwaka 2009 ulionyesha kwamba aliwaita polisi mara 33. Kila mara polisi waliandika kwamba ni utundu wa vijana. Hakuna aliyeziweka zile taarifa 33 mezani pamoja. Kila moja ilionekana ndogo. Uchunguzi wa kitaifa uliotolewa mwaka 2011 nchini humo ulionyesha pia kwamba mdhalimu mara nyingi si mgeni bali ni mtu aliyejifanya rafiki, akahamia nyumbani, akala posho ya mwenye ulemavu na kumtumikisha.

Mchungaji wa mtaa ana nafasi ambayo polisi hawana, maana yeye hupita nyumba hiyohiyo mara nyingi. Akiona kijana mwenye ulemavu wa akili analala ghalani huku fedha za mazao ya shamba alilorithi zikichukuliwa na binamu, asiseme tu kwamba familia hiyo ni maskini. Aulize kwa nini umaskini umemchagua huyo peke yake.

Maziko na maungamo

Twaomba kugusa mambo mawili ya kazi yetu, ambayo vitabu vya liturgia havikuyafikiria. La kwanza ni maziko. Jamaa wa mtu mwenye ualbino huogopa kaburi kufukuliwa; wengine wamezika ndani ya nyumba, wengine usiku, bila kengele. Hofu yao ina msingi, na hatuwalaumu. Lakini maziko ya siri yanailisha ile imani kwamba watu hawa hutoweka. Kijiji ambacho hakijawahi kuliona jeneza lao kitaendelea kuamini kwamba hawafi. Kwa hiyo twashauri ibada iwe mchana, kengele igongwe, jina litajwe lote, mwili uwekwe kaburini mbele ya watu, kisha zege limwagwe siku hiyohiyo, na usharika ulipe saruji. Katika ibada hiyo mhubiri asione haya kusema wazi kwamba aliyelala hapa amekufa kama tutakavyokufa sote, na kwamba mifupa yake haina nguvu nyingine ila ile ahadi ya ufufuo aliyopewa katika ubatizo.

La pili ni gumu zaidi. Mchungaji aliyewekwa mikono ameahidi kuitunza siri ya maungamo, na ahadi hiyo si ya kuchezewa. Mtu aliyeua miaka kumi iliyopita akija akilia, ana haki ya kupata masikio ambayo hayatamsaliti, na kazi yetu ni kumsindikiza mpaka ajipeleke mwenyewe. Lakini wachungaji wametuuliza juu ya jambo la namna nyingine: mtu anayekuja jioni na kusema kwamba kuna watu wamefika kutoka machimboni, wamefikia nyumba fulani, na wameuliza habari za mtoto wa fulani, yeye mwenyewe amepewa kidogo ili aonyeshe njia, na sasa hana amani. Anaomba tumwombee, na tusimwambie mtu. Sisi twaona kwamba huyo hajaungama bado. Kuungama kuna toba ndani yake, na hakuna toba kwa jambo ambalo bado linaendelea na ambalo mtu anaweza kulizuia usiku huohuo. Aambiwe hivyo uso kwa uso, bila hila, kabla hajamaliza maneno yake. Kisha mchungaji amchukue, kama atakubali, waende pamoja kwa mtendaji wa kijiji na polisi. Na asipokubali, mchungaji aende peke yake, akipitia kwanza nyumbani kwa mtoto.